Visiki vya Bwana Shamba

Kuna mtu mmoja aliyenifanya niuchukie uyoga. Si kwa ladha yake. Uyoga wa mvua za kwanza, ukiungwa kwa karanga za kutwanga, humfanya mtu mzima akombe sufuria huku akijua anatazamwa. Nauchukia kwa sababu kila mwaka mvua zikianza, nikitoka Tabora mjini kwenda Usoke kumsalimia mama, nikiwa nimebeba unga, sukari, mafuta na sabuni, mama hupokea mfuko wangu, huuweka kwenye kona bila kuufungua, kisha husema huku uso umemnawiri: "Mwanangu, jana Bwana Shamba kaniletea uyoga."

Alikuwa jirani yetu. Jina lake la kubatizwa nalijua, ila sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Aliitwa Bwana Shamba kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake, kazi ya kuzunguka na baiskeli kuwafundisha watu kulima tumbaku, na alipostaafu cheo kilikataa kustaafu naye. Hata mkewe alimwita Bwana Shamba, hasa akiwa amemkasirikia.

Alikuwa mfupi na hilo lilimuuma, kwa hiyo alipenda kuzungumza akiwa juu ya kitu: kichuguu, gogo, ngazi ya ofisi, hata pedali ya baiskeli iliyosimama. Viatu vyake vyeusi viling'aa katika vumbi ambalo sisi wengine tulishaacha kushindana nalo. Alinusa ugoro, na chafya zake zilikuwa sehemu ya mazungumzo. Alisema jambo, akapiga chafya, na ile chafya ikawa muhuri. Nimesoma chuo kikuu, nimeandika makala ambazo watu wamezifungia maandazi kuanzia Kaliua hadi Igunga, na sijawahi kumaliza hoja yoyote kwa uhakika kama ule wa Bwana Shamba na chafya yake.

Nilipokuwa mdogo alikuwa na amri moja iliyojulikana vijiji vyote vya reli. Alisimama kwenye kichuguu, akanyoosha kidole juu ya shamba la mtu, akapaza sauti: "Sitaki kuona kisiki!"

Ndiyo yalikuwa mafundisho ya wakati ule. Mkulima wa maana alifyeka pori, akachoma, akang'oa visiki mpaka mizizi, akapanda tumbaku kwa mistari. Miti iliyokatwa iliingia kwenye bani, kile kibanda cha udongo cha kukaushia majani ya tumbaku, ambacho kinakula kuni bila kushiba. Kila msimu tulizifuata mbali zaidi. Mwanzo mama alizitoa nyuma ya nyumba. Mwisho tulikodi mkokoteni wa ng'ombe.

Baba yangu aliyaamini mafundisho yale kama katekisimu. Bwana Shamba alipotangaza shindano la shamba safi, baba aling'oa visiki kwa sururu, shoka na moto, akavimba mikono, na akashinda. Zawadi ilikuwa redio. Mpaka leo iko sebuleni kwa mama, bubu, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilipokuwa shule niliwahi kupigana na mtoto wa jirani aliyesema shamba la kwao ni safi kama letu.

Basi, na Bwana Shamba mwenyewe je? Alikuwa na eneo lake palepale, limepakana na letu, na hakung'oa hata kisiki kimoja. Muda hakuwa nao. Asubuhi baiskeli, mchana mikutano, jioni ugoro. Alifyeka juujuu, akapanda tumbaku katikati ya visiki kama mtu anayepanga sahani bila kufuta meza, na mkaguzi akija kutoka wilayani alimpitisha kwetu. "Karibu uone kazi yangu," alisema, akiwa amesimama juu ya jasho la baba.

Nadhani mnaanza kuona wivu wangu unatokea wapi. Ngojeni, bado.

Alipostaafu alikuwa amechoka na tumbaku na tumbaku imemchoka yeye. Alilima kipande karibu na nyumba, sehemu iliyobaki akaitelekeza. Vile visiki ambavyo hakuving'oa vikachipua. Mwaka wa kwanza vichaka, halafu fito, halafu miti ya kweli: mitundu, mininga, miyombo. Hapo ndipo akili ya Bwana Shamba ilipoamka, na nakiri alikuwa nayo. Alipoona pori linarudi bila kumwagiliwa, alipunguza machipukizi, akaacha yaliyonyooka. Mteremko wote akaufanya ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, kama walivyofanya wazee wa Usukuma na Unyamwezi kabla watu kama yeye hawajaja na baiskeli. Kisha akapanda juu ya kichuguu kilekile, akapaza sauti ileile: "Sitaki kuona mbuzi!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Aliipiga chafya amri mpya kama alivyoipiga ya zamani.

Baada ya miaka michache hatukucheka tena. Mvua ikikatika kidogo, mahindi ya mama yalijikunja kama sigara wakati yake, ng'ambo ya mpaka, yalisimama. Udongo wake ulikuwa mweusi kwa majani yaliyooza. Wetu, ule uliopewa redio, ulikuwa mgumu kama sakafu, na maji yaliteleza juu yake kwenda kwake. Hata maji yetu yalimpenda. Nyuki walirudi, alitundika mizinga, na alizeti na maboga yake yakajaa kuliko ya mtu yeyote. Kisima chake kilichokuwa kinakauka Agosti kikaanza kufika mpaka mvua. Kiangazi wafugaji walimbembeleza awafungulie ngitili, wakamlipa kwa maziwa na samadi, na samadi ikarudi kwenye mahindi. Na uyoga, bila shaka. Uyoga hauoti kwenye shamba safi.

Lile bani la zamani alilifanya stoo ya asali. Ukiingia lilinuka tumbaku na nta kwa pamoja, na yeye alisimama katikati, akinusa ugoro wa tumbaku aliyoikimbia, akikushauri uache kuilima. Mkinzano ule haukumsumbua hata kidogo.

Nisimtukuze. Ngedere walikuja pamoja na miti na wakamlia mahindi ya mwisho wa shamba, na nguruwe pori walimchimbia viazi mpaka akalia. Niliposikia habari za viazi nilinunua soda. Asali aliipima kwa kijiko kama dawa ya kikohozi, hata kwa ndugu zake. Lakini uyoga aligawa, na nyasi aligawa, na sikuwahi kuelewa ubahili wake ulikuwa unachagua vipi.

Kuna kisa ambacho watu wa Usoke hawachoki kukisimulia. Siku moja alikutwa mbuzi ndani ya ngitili, katikati ya mvua, na mbuzi mwenyewe akawa wake. Faini ilijulikana: mwenye mnyama anatoa mbuzi, wazee wanamla. Mtu mwingine angemfukuza akanyamaza. Bwana Shamba aliita wazee, akajishtaki, akajitetea kwa ukali, akajihukumu, na akamchinja mbuzi yuleyule. Wanasema alikula kuliko majaji wote, kwa maelezo kwamba alikuwa anakula kwa niaba ya pande zote mbili. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kupeleka mnyama kule bila ruhusa. Nilipokisikia kisa hicho mara ya kwanza nilifikiri: kwa nini sikukibuni mimi?

Hata historia aliichukua. Njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe zao kati ya Tabora na Ujiji, inapita mahali fulani pale kwetu. Baba alisema inapita kwenye shamba letu. Mimi ndiye niliyesomea historia; mimi ndiye niliyeandika makala mbili juu ya njia ile. Lakini palipokuwa na mtaro wa mvua ndani ya pori lake, Bwana Shamba aliweka mawe kando na kuwaambia wageni, "Hapa walipita wapagazi. Walipumzika kivulini kwangu." Kivuli chenyewe kilikuwa na umri mdogo kuliko suruali yangu ya harusi. Wageni walipiga picha.

Ndiyo, walikuja wageni. Mradi mmoja, jina lake tuliache, ulileta watu wa kuangalia jinsi pori linavyoweza kurudi na chakula kikaongezeka. Hawakujua Kiswahili, mkalimani wao akaugua, na mama akawaambia kwa fahari kuwa mwanawe anajua Kiingereza. Basi nikasimama chini ya kichuguu, mwandishi mzima wa makala, nikitafsiri maneno ya Bwana Shamba aliyevaa koti la suti kwenye joto la Oktoba.

"Waambie," alisema, "mimi tangu mwanzo nilijua kwamba kisiki ni mti unaongoja."

Nilimtazama. "Tangu mwanzo upi, mzee?"

"Mwanzo ni mmoja, Profesa. Tafsiri." Mimi si profesa, alijua, ndiyo maana aliniita hivyo.

Ningeweza kuwaambia ukweli. Ningeweza kusema: huyu bwana alisahau tu kung'oa. Naye asingejua nimesema nini. Badala yake nilitafsiri neno kwa neno, na ubaya wa elimu yangu ni kwamba Kiingereza changu kilimfanya aonekane na hekima kuliko alivyokuwa kwa Kiswahili. Mgeni mmoja alifuta machozi. Mimi nilipewa maji ya chupa.

Baada ya siku ile niliamua nami nitakuwa na pori. Nilileta miche kutoka mjini, nikafunga kamba, nikapanda shamba lote la baba kwa mistari, kutoka juu mpaka mteremkoni. Sehemu ile ya mteremkoni mama alishaniambia ina vijiti vikaidi, kila mwaka anavipalilia na kila mwaka vinarudi; nikamwambia tutavifyeka tu. Tukafyeka, tukapanda. Mchwa walianza upande wa juu, kiangazi kikamalizia upande wa chini. Bwana Shamba alikuja kutazama. Alitembea polepole kati ya miche mikavu, mikono nyuma, kama siku za ukaguzi.

"Mistari imenyooka," alisema. Akapiga chafya. "Kama baba yako."

Sikulala vizuri kwa muda mrefu kwa sababu ya maneno yale.

Yote haya ningeyavumilia kama si ombi la mama. Alikuwa anazeeka, jembe lilimshinda, na shamba lilimpa debe la mahindi na mzigo wa aibu. Akaniambia anataka Bwana Shamba alifunge shamba letu pamoja na ngitili yake, walau sehemu ya mteremko, pori lirudi, naye abaki na kipande cha juu cha kunde na karanga. "Nitakula, baba," aliniambia. "Sasa hivi nakula kwa huruma ya mfuko wako na uyoga wa watu."

Nilikataa. Nilimuuliza mama mbuzi wake watakula wapi. Nilisema mambo ya hati na mipaka. Ukweli ulikuwa mmoja: sikutaka shamba la baba, lililoshinda, liwe mkia wa shamba la mtu aliyeshindwa kung'oa visiki vyake. Nilitaka kwanza aseme. Alimtuma baba yangu kuua udongo wake kwa mikono yake miwili, akampa redio, halafu yeye akatajirika kwa uvivu. Aseme hivyo mara moja, mbele ya mama, kisha achukue mteremko.

Mara ya mwisho kuzungumza naye ilikuwa mwanzoni mwa mvua. Nilisikia anaumwa, nikapanda basi. Nilimkuta amekaa mbele ya lile bani, amejifunika blanketi, miguu imetokeza ikiwa na viatu vinavyong'aa. Mkewe alisema anavipiga rangi mwenyewe hata siku asizoweza kushika kijiko. Mama alikuwepo, amekaa mkekani na mkewe, wanachambua uyoga. Bila shaka uyoga.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, Profesa. Umekuja kunizika? Umewahi."

"Nimekuja kukuuliza jambo."

"Anauliza mgonjwa maswali," alimwambia mkewe. "Ndiyo elimu hiyo."

Nikauliza. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu stendi, yakatoka yamevurugika. Nilimuuliza kama anakumbuka nani aliyesema hataki kuona kisiki. Kama anajua shamba lake lilipona kwa sababu hakufuata mafundisho yake, na letu lilikufa kwa sababu baba aliyafuata. Mama aliacha kuchambua. Mkewe akatazama chini.

Bwana Shamba alinusa ugoro, akangoja chafya, haikuja.

"Unataka niseme nilikuwa mvivu," alisema. "Nilikuwa mvivu. Andika. Na niliwafundisha watu vibaya, nikiwa nimevaa vizuri. Hilo nalo andika."

Sikujua la kufanya na ushindi ule. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri.

"Lakini baba yako," akaendelea, "alikuwa mvivu kunishinda."

"Baba yangu alishinda!"

"Alishinda kwa sababu nilinyamaza. Siku ile ya ukaguzi natangulia, wakubwa wako nyuma yangu. Upande wa juu, safi, hata kijiti. Tukashuka mteremkoni. Udongo laini, umesawazishwa kama kitanda cha hoteli. Nikapiga hatua, nikajikwaa. Soli ya kiatu ikaachama kama mdomo wa kambale. Alikuwa hakung'oa! Alivikata chini kabisa, akavifukia. Mteremko wote, Profesa. Visiki vimelala mle kama watu kwenye blanketi."

Mama aliweka mkono mdomoni.

"Nikamtazama. Yeye anatazama mawingu. Nikageuka nikawaambia wakubwa, 'Hapa ni safi kabisa, turudi juu.' Nikatembea nikiburuta mguu." Hapo chafya ikaja, akaifurahia. "Kesho yake alikuja nyumbani, akachukua kiatu bila salamu, akakipeleka kwa fundi, akakirudisha kimeshonwa. Hatukusema neno. Mpaka anakufa, kila tukionana alitazama viatu vyangu, mimi nikatazama mawingu, tukacheka."

"Vijiti vyangu!" mama alisema. "Miaka yote navipalilia nikidhani shamba limerogwa!" Akaanza kucheka, kile kicheko cha zamani ambacho sikukisikia tangu baba afariki, na mkewe Bwana Shamba akamshika bega asiangukie uyoga.

Mimi sikucheka. Ningependa kuandika kwamba nilifarijika. Nilichosikia ni wivu, mpya na mkali kuliko wa mahindi na wa asali na wa wapagazi. Mtu huyu alikuwa na kicheko cha baba yangu. Alikaa nacho miaka yote, mpaka wa shamba ukiwa hapo hapo, wakati mimi nilibaki na redio bubu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza habari za baba yako," alisema. "Kila ukija unauliza habari zangu."

Niliinuka nikatoka. Niliteremka mpaka kwenye shamba letu, nikapita mistari ya miche yangu iliyokufa, imenyooka vizuri, nikafika mteremkoni. Niliinama. Sikuwa nimeinama kuutazama udongo ule tangu nilipoanza kuandika juu ya ardhi; hata siku ya miche niliitazama kamba. Katikati ya nyasi fupi yalikuwepo machipukizi mekundu ya mtundu, yale majani machanga ya mvua za kwanza yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Shina moja hapa, jingine pale, bila mstari wowote. Karibu yote yalikuwa yamekatwa ncha. Nikainua kichwa. Mbuzi wa mama, wale niliowatetea kwa hoja za hati na mipaka, walikuwa wamesimama hatua chache wakitafuna urithi wangu kwa utulivu.

Palikuwa na kichuguu. Sikumbuki kukipanda.

"Sitaki kuona mbuzi!" nilipaza sauti. "Sitaki! Sitaki kuona mbuzi hapa!"

Mbuzi walinitazama kama wageni wa mradi. Kisha wakatimka, nikawafukuza mpaka mpakani, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Nilipogeuka nimebeba kiatu mkononi, moshi ulikuwa unapanda kule kwenye bani, na harufu ya karanga ilinifikia kabla ya sauti ya mama.

"Bwana Shamba!" aliita kuelekea mteremkoni, na kicheko bado kimo kooni. "Bwana Shamba, njoo ule, uyoga umeiva!"

Mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yake, ndani ya blanketi. Nilimsikia akijikusanya, akijibu kwa sauti iliyokwaruzwa na ugonjwa lakini kali vilevile: "Bwana Shamba ni mmoja tu katika kijiji hiki!" Na chafya juu yake.

Sikuitikia. Nilisimama palepale katikati ya visiki vya baba, kiatu mkononi, nikimngoja mama aite mara ya pili.